Mstari wa Tisa

Dayosisi imenituma kupima ufa.
Nimekuja na timazi, futi ya kamba, daftari la miraba,
na koti lisiloiweza baridi ya Ilevelo.
Ukungu umeingia kanisani kabla yangu,
umekaa viti vya nyuma kama wachelewaji.

Andika, najiambia. Urefu: mita ishirini na sita na robo.
Unene wa ukuta: mkono mzima hadi kwapani,
na vidole bado havijaona ndani.
Madirisha saba, matao ya nusu duara.
La nane limezibwa kwa tofali.
Elikana Mbilinyi, mtunza funguo, anasema
upepo wa Agosti ulikuwa ukizima mishumaa,
na siku hizo mshumaa ulikuwa ghali kuliko mwanga.

Mawe yalitoka mtoni. Yalipanda mlima vichwani,
juu ya kata za nyasi, kichwa kimoja jiwe moja.
Kipimo cha toba, husema wengine.
Wengine: kipimo cha kodi.
Upande wa kaskazini nimekuta jiwe la kusagia,
limeliwa katikati, limelazwa ubavu kati ya wenzake.
Nyumba iliyolitoa
ilisaga nini jioni ile, na kwa nini?

Paa: kwanza nyasi. Kisha vigae
(kimoja kimehifadhiwa sakristia, kina unyayo wa mbwa
aliyepita udongo ukiwa mbichi).
Kisha bati, mwaka wa sabini na nne.
Tangu hapo mvua ikinyesha mahubiri husimama.

Ukuta wa magharibi.
Kutoka chini, mistari minane ni mkono mmoja:
kila jiwe limechongwa uso,
kila kiungo kimeangukia tumbo la jiwe la chini,
wembe usingepita.
Mstari wa tisa, mwandiko unabadilika.
Mawe ya mviringo, hayajachongwa, yamekabwa kwa vipande,
chokaa nene kama ugali wa mwenye haraka.
Na ufa unapita hapo hapo.

"Hapo ndipo walipomchukua Lutangilo Tweve," anasema Elikana,
kama mtu anayetaja jana.
Vita ya Wajerumani na Waingereza. Walihitaji mabega.
Walimkuta jukwaani, mwiko mkononi,
wakamtwika sanduku la risasi.
Hakurudi. Kaburi hakuna.
Kibao cha shaba mlangoni kina wachungaji kumi na mmoja;
yeye hayumo.

Mkewe, Tumwitike, ndiye aliyekuwa akimchanganyia chokaa.
Vuli ilikuwa njiani, na ukuta usioezekwa
hufa kwa maji kama mbegu iliyosahauliwa kwenye debe.
Akapanda. Kuchonga hakujua;
alijua mafiga, alijua zizi la mbuzi.
Akaujenga wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja,
mtoto mgongoni akilia kila nyundo ikitua,
hadi wa kumi na tisa, akafunga tao.

Ninashusha timazi. Uzi unatulia.
Ukuta wake umeinama ndani kwa vidole viwili,
kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.
Nimepiga hesabu mara tatu. Unabeba.
Nikachukua jembe la Elikana, nikafukua mguu wa ukuta:
ufa haukuanzia kwa mama huyu.
Umeanzia chini, kwenye mstari wa kwanza, kwa fundi mwenyewe,
pale mfereji wa bati unapomwaga maji
kwenye msingi, masika baada ya masika.

Fomu ina kipengele: Kasoro za ujenzi wa awali.
Najua wanachokisubiri huko ofisini,
wabomoe kuanzia wa tisa, wamwage zege, wapake rangi ya maziwa.
Nimeandika: Hakuna.

Kipengele kingine: Mjenzi. Nafasi ni ya jina moja.
Nimeandika mawili, la pili likapanda hadi pembeni,
herufi zimebanana, zinasomeka.

Elikana anatikisa funguo, chai inapoa.
Mapendekezo:
Hamisheni mfereji.